Tangawizi ya Mavyaa

Chai ya nyumba yetu ilianza kutuunguza koo mwezi ule mafua mabaya yalipopita Garissa. Si kwa moto wa chai, la. Ni tangawizi. Ukipiga funda moja kifua kinawaka, macho yanatoka machozi, na ukilimeza unalisikia likishuka mpaka kitovuni. Mume wangu alikohoa, akafuta midomo, akasema, "Mashallah." Shemeji yangu, asiyejua kuficha kitu usoni, alitoka nje akajifanya anapokea simu. Mimi nilikaa na kikombe changu mkononi, nimekasirika, kwa sababu nilikuwa na hakika kwamba chai ile ilikuwa inanisema mimi.

Aliyeipika ni mavyaa wangu, yaani mama mkwe kwa lugha ya kwetu Mombasa. Ni mjane wa miaka sitini na ushei, mrefu, mwenye sauti ya kuita mbuzi hata akisema na mtu aliye karibu naye. Ana meza ya viungo sokoni: iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga, na tangawizi kavu anayoianika mwenyewe juu ya bati mpaka inakuwa ngumu kama kijiti. Mchanganyiko wake wa chai unajulikana. Kuna mwanamke wa Lafey aliyekuwa akiuagiza kwa dereva wa lori, na ukimletea wa mtu mwingine anaurudisha. Kiswahili cha mavyaa ni cha sokoni, p kwake mara nyingi ni b na z ni s, na ngeli hazimnyimi usingizi. Ananiita "hooyo", ambalo kwa Kisomali ni mama, kwa vile mama wa Kisomali humwita mwanawe kwa neno lile lile analoitwa yeye. Nami namwita hooyo. Basi nyumba nzima ni hooyo kwa hooyo, na mgeni akiingia hajui nani kamzaa nani.

Mimi niliingia Garissa kama mwalimu wa shule ya msingi. Kazi ilinileta, ndoa ikanibakiza. Nilikuja na kiburi changu cha pwani, sitaficha. Sisi tangawizi tumezaliwa nayo jamani: kahawa ya jioni, samaki wa kupaka, pilau, achari, vyote vina mkono wake. Taabu ni kwamba nyumbani kwetu mpishi alikuwa dada yangu mkubwa, na mimi nilikuwa mtu wa vitabu. Siku ya kwanza niliyopika chai kwa mavyaa niliponda tangawizi mbichi, nikaitia kwenye maziwa ya mbuzi yakiwa bado baridi, nikaweka motoni, nikageuka kupiga gumzo. Niliporudi maziwa yamekatika. Mabonge juu, maji chini, na wageni wako sebuleni wanasubiri.

Nilitaka ardhi inimeze. Mavyaa alichungulia sufuria, akachuja yale mabonge kwa kitambaa, akatia sukari, akawapa watoto wa jirani. Wakala, wakaomba tena. Kisha akanisimamisha jikoni. "Sanjabiil kwanza na maji," akasema, maana ndivyo Wasomali wanavyoiita tangawizi. "Chemka, chemka. Halafu majani, sukari. Maziwa mwisho. Bole bole, hooyo." Tangu siku hiyo sijakata maziwa tena.

Nilijifunza mengi kwake. Nyama ya ngamia mzee aliipaka tangawizi mbichi iliyopondwa, akaiacha saa moja, basi, ikaiva laini hata asiye na meno akaila. Ukiiacha usiku kucha, alinionya, nyama inageuka uji. Tumbo likijaa gesi baada ya nyama ya mafuta, tangawizi. Mafua, tangawizi na asali. Goti lake likimsumbua wakati wa baridi, na baridi ya Garissa ni jambo la kuchekesha kwa watu wa bara lakini yeye huvaa sweta, alichanganya unga wa tangawizi na mafuta ya simsim, akajichua huku akipiga bismillahi. Sijui ni tangawizi au ni ule mkono wa kuchua, lakini alisimama.

Na nilipochukua mimba ya binti yangu, ndipo nilipomjua hasa. Kichefuchefu kiliniangusha. Hata maji hayakukaa tumboni. Nilikuwa nikilia chooni asubuhi, nataka kurudi kwa mama yangu, nataka bahari, nataka kila kitu ila Garissa. Mavyaa alikuwa akija kabla sijainuka kitandani na kibakuli cha maji ya tangawizi yaliyopoa, yenye tone la ndimu, akininywesha kijiko kimoja, tunasubiri, kijiko cha pili, tunasubiri, halafu kipande cha mkate mkavu. Hakuwa na haraka hata kidogo. Wiki ya pili nikaweza kula uji. Nawaambia haya ili mjue nilivyokuwa nadaiwa shukrani na mwanamke yule, na bado nikafanya nilichofanya.

Chai ya alasiri ilikuwa ufalme wake. Kila siku akirudi sokoni alitandika mkeka wa plastiki uani, akawasha chetezo akatia unsi, ule udi wa Kisomali unaopikwa na sukari, kisha akapika chai. Wanawe walipita, majirani walipita, mwalimu mwenzangu kutoka Meru alipita na kusahau kuondoka. Hapo ndipo habari zote za mji zilipojadiliwa.

Wiki moja kabla ya mafua, hapo hapo mkekani, mbele ya wageni wake, nilifungua kinywa changu. "Hooyo, chai yako tamu," nikasema, "lakini kwetu tangawizi inasikika. Hii yako ni ya watoto." Wageni walicheka. Yeye pia alicheka, akanipiga goti kwa kiganja. Mimi nilijiona mjanja.

Kisha mafua yakampata. Alilala siku kumi, hajijui hajitambui, tukimnywesha mchuzi na maji. Alipoinuka alikuwa mwepesi lakini mzima, alhamdulillahi, na siku ya kwanza tu akadai jiko lake. Ndiyo chai ile niliyowaambia. Kesho yake ilikuwa kali zaidi. Chupa moja ya chai ambayo zamani ilitosheka na kipande cha urefu wa kidole, sasa ilikula kiganja kizima cha tangawizi. Yeye alikunywa vikombe vitatu, jasho likimtiririka, akatuangalia mmoja mmoja. "Tamu?" akauliza. Tukasema tamu. Nani angethubutu?

Nami nikapiga hesabu zangu. Nimesema chai yake ya watoto, sasa ananijibu. Ulitaka tangawizi inayosikika? Haya, sikia. Nilipata kiungulia mpaka nikawa nalala nimeegemea ukuta. Kila alasiri nikimwona anatwanga kinu chake kidogo, twa, twa, twa, nilihisi ananitwanga mimi. Hasira yangu ni ya kimya, na hasira ya kimya ndiyo mbaya, maana haina wa kuiambia punguza.

Wakati huo huo alianza kumwita binti yangu, ambaye sasa ana miaka mitano. "Hooyo, njoo nusa masiwa. Bado nzuri?" Mtoto ananusa, anasema nzuri, ayeeyo. Ayeeyo ni bibi. Au anamfungulia kopo la iliki: "Hii nanukia sana ama kidogo?" Sisi tukafurahi, tukasema bibi anamfundisha mjukuu biashara. Na jioni, baada ya mtoto kuoga, alimvuta akaweka pua utosini mwake, akakaa hivyo kwa muda mrefu, mtoto akianza kujipinda apate kutoka. Nilidhani ni mapenzi tu ya mtu aliyetoka kuugua.

Siku ya kwenda kupima presha nilimsindikiza mimi. Daktari alikuwa kijana wa bara, anazungumza kwa haraka, nusu Kiingereza, na mavyaa alikuwa akiniangalia usoni mimi nimtafsirie. Presha haikuwa mbaya. Daktari akasema aendelee na vidonge, apunguze chumvi, arudi mwezi ujao. Hakutaja tangawizi. Haikumpitia hata akilini.

Kwenye tuktuk ya kurudi, mavyaa akauliza, "Amesema nini?"

"Chumvi upunguze," nikasema. Kisha, kwa sauti ile ile, "Na tangawizi uache. Inapigana na dawa zako."

Tulipita mitaa miwili ndipo akauliza, "Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Hakubishana. Daktari kasema. Kesho yake nilipotoka shule nilikuta kinu chake kimeoshwa, kimefunikwa kifudifudi upande wangu wa jikoni. Nikapika chai mimi, kwa kipimo cha zamani, kipande cha kidole, maziwa mwisho, bole bole. Watu walikunywa wakaongeza. Shemeji alisema wallahi leo ndiyo chai. Mavyaa nilimpikia yake kando, bila tangawizi, na iliki nyingi ili asijione mnyonge. Nililala usingizi mzuri usiku ule, Mungu anisamehe.

Kikombe chake kilibaki mkekani mpaka kikafanya utando. Kesho yake pia. Siku ya tatu nikamuuliza, akasema imeshiba, akimaanisha ameshiba yeye. Chakula alikigusa kwa vidole viwili akakisukuma. Nilipika wali wa nazi, nilikaanga ini, nilimfanyia anjera, ile mikate laini ya Kisomali, na siagi na asali kama anavyopenda. Alitafuna kwa adabu kama mtu anayetafuna karatasi. Baada ya wiki tatu dera lake lilikuwa linaning'inia, na mifupa ya mabega ikaonekana. Sokoni akaacha kwenda. Alisema jua kali, ilhali jua la Garissa halijawahi kuwa jepesi tangu azaliwe.

Tulimpeleka hospitali. Damu, mkojo, picha ya kifua, vyote safi. Wakasema ni uzee, tumpe matunda. Uzee gani unaokuja kwa wiki tatu? Mume wangu alikuwa akikaa naye jioni, amemshika mkono. Ndipo wifi yangu, dada mkubwa anayekaa Takaba, akapiga simu akasema maneno ya kukata. Mama yake anamfia mikononi mwetu. Jumamosi anakuja na gari kumchukua, akakae huko penye mifugo, anywe maziwa mabichi, labda atarudi mtu.

Takaba si karibu. Mtu mzima aliyedhoofika hivyo, siku mbili za vumbi na kurukaruka? Hakuna aliyesema hadharani, lakini mume wangu alikuwa akimpangia mama yake nguo kwenye begi kama mtu asiyetarajia kuzipokea tena. Nilimwona akizikunja, akizikunjua, akizikunja.

Alhamisi nilirudi shule mapema. Nilipofungua geti, harufu ilinipiga usoni: plastiki inayoungua, ile harufu chungu inayokwaruza koo. Nikatupa mkoba nikakimbilia uani. Mavyaa alikuwa amekaa mkekani, uso ukitazama ukuta, tasbihi mkononi. Nyuma yake chetezo kilikuwa kimeinama, kaa la moto limeangukia mkeka, na tundu la ukubwa wa sahani lilikuwa linafuka moshi mweusi. Moto ulikuwa umebakisha shubiri moja kufika pindo la mtandio wake. Yeye anahesabu tasbihi, shwari kabisa.

Nilimvuta kwa kwapa, nikamwaga ndoo ya maji, nikakanyaga, nikapiga kelele. Kulipotulia nikamgeukia kwa ukali wa mtu aliyeogopa. "Hooyo! Husikii harufu?"

Aliangalia lile tundu. Akaangalia chetezo. Kisha akaangalia mikono yake, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya kunong'ona, yeye, mwanamke mwenye sauti ya kuita mbuzi.

"Hapana," akasema. "Sisikii."

"Tangu lini?"

"Tangu mafua."

Nilikaa chini penye maji. Akaniambia kidogo kidogo, kwa Kiswahili chake cha sokoni, macho akiyaweka mbali. Unsi haunuki. Nyama hainuki. Maziwa anayaona meupe tu, hajui kama mazuri au yameharibika, ndiyo maana anamwita mtoto. Iliki, karafuu, mdalasini, miaka yote ameshika vitu hivi, sasa ni vumbi kwenye makopo. Hakumwambia mtu. Muuza viungo asiye na pua, nani atanunua kwake? Chakula mdomoni ni kama kula kitambaa.

"Na mtoto," akasema, akagusa utosi wake mwenyewe. "Hapa kwa mtoto. Mimi naweka pua. Hakuna."

Alianza kulia, taratibu, bila sauti, machozi tu. Nilimshika mkono.

"Kitu moja tu ilibaki," akasema. "Sanjabiil. Yeye hahitaji pua. Yeye nabiga hapa," akajigusa ulimi, "na hapa," akajigusa koo, "nasema, mama, uko hai. Nilikuwa naweka mingi, mingi, nabata utamu kidogo." Akashusha pumzi. "Lakini daktari amekataza."

Jamani. Jamani, jamani. Vikombe vitatu alivyokuwa akinywa akitokwa na jasho. "Tamu?" alituuliza, kwa sababu hakuweza kujua mwenyewe. Mwanamke hakuwa akimjibu mtu. Alikuwa akitafuta mlango uliobaki wazi, na mimi ndiye niliyeufunga, nikaweka na komeo, kwa jina la daktari.

Ningeweza kunyamaza. Shetani alinipa maneno papo hapo: sema utamuuliza daktari tena, sema kesho amebadilisha mawazo, nani atajua? Nilimwangalia mabega yake yaliyokonda nikashindwa.

"Daktari hakukataza," nikasema. "Ni mimi. Nilikudanganya, hooyo."

Alinigeukia polepole. "Kwa nini?"

"Nilidhani unanikomoa. Kwa yale maneno yangu ya chai ya watoto."

Hakukumbuka. Wallahi, hakuyakumbuka hata maneno yenyewe. Ilibidi nimkumbushe, nirudie ujinga wangu wote kwa mdomo wangu, na uso ukiniwaka. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akaona ajabu ya kweli.

"Kukukomoa na tangawisi? Hooyo, mimi nikitaka kukukomoa, si nitakunyima?"

Alisema hivyo bila kunilenga. Ndivyo alivyoona dunia, ukimchukia mtu unamnyima, basi. Lakini maneno yalipokwisha kutoka tukaangaliana, na wote wawili tukajua yameangukia wapi. Aliondoa macho kwanza yeye, kwa huruma.

Nilikwenda jikoni nimelowa chapachapa. Nikakigeuza kile kinu. Nikachukua tangawizi mbichi kiganja kizima, nikaongeza na kavu yake ya batini, nikatwanga mpaka machozi ya tangawizi na yangu sikuyatofautisha. Maji kwanza. Chemka, chemka. Nilimpelekea kikombe kimejaa. Alipuliza, akanywa funda, akafumba macho. Shingo ikaanza kung'aa jasho. Akakohoa, akacheka, akakohoa tena, akanywa mpaka masimbi yaliyotuama chini ya kikombe. Kisha akasema maneno niliyokuwa sijayasikia kwa mwezi mzima.

"Kuna chakula?"

Alikula wali uliobaki wa mchana, umepoa, nimeuponda na tangawizi na pilipili na ndimu. Alikula sahani nzima akiwa amekaa kando ya tundu la mkeka.

Kesho yake nilikwenda kliniki peke yangu, nikamweleza yule kijana kila kitu, na aibu yangu nikaivumilia. Alisema watu wengi pua zao huzima baada ya mafua kama yale, nyingine hurudi, nyingine huchelewa. Kuhusu tangawizi, kwa dawa anazotumia mavyaa hana ugomvi nayo; angekuwa kwenye dawa za kufanya damu nyepesi daktari angetaka kuulizwa kwanza. Tumbo likianza kumchoma, apunguze. Nilimwomba ayaandike. Niliporudi nilimpa mavyaa karatasi, nikamwambia ampe mtu mwingine amsomee, si mimi. Akaikunja akaitia kwenye kibindo bila kuisomesha kwa mtu yeyote, na hilo liliniuma kuliko kama angenitukana.

Wifi alifika Jumamosi na gari lake, amejiandaa kwa kilio. Alimkuta mama yake mkekani na chupa mbili za chai mbele yake, moja ya watu na moja yake mwenyewe. Kwa bahati mbaya alijimiminia ile isiyo ya watu. Tulimpigapiga mgongoni kwa muda. Takaba alirudi peke yake, na pakiti sita za viungo ambazo binti yangu alikuwa amezinusa moja moja na kuzipitisha.

Imepita miezi minane. Mavyaa amerudi sokoni, dera limejaa tena, na wateja wake hawajui kitu mpaka leo. Mimi ndiye ninayempikia alasiri ile chupa yake, na kinu kimerudi upande wake. Kila jioni, mtoto akitoka kuoga, bibi anamvuta, anaweka pua utosini, anavuta pumzi. Mtoto siku hizi hajipindi, anasimama wima kabisa, amezuia pumzi zake, anangoja. Nami nikiwa mlangoni na taulo nangoja.

Jana pia tulingoja. Alivuta pumzi mara mbili, akaniangalia, akatikisa kichwa.

"Bado," akasema. "Niletee chai, hooyo."